Shajara ya viroba: nyumba ngapi kati ya 262 zitatenga chupa?

1 Juni

Kikundi chetu cha kukusanya chupa za plastiki huku Buguruni kina watu 9 na mkokoteni mmoja wa kusukuma. Tunataka kukodi guta la injini. Mweka hazina ameshapiga hesabu ya kodi, mafuta, ujira wa dereva na bei ya kilo pale tunapouza. Jibu lake: guta likipita mtaa mzima mara moja kwa wiki, litajilipa iwapo nyumba 3 katika kila 10 zitakuwa zimeziweka chupa kando ya taka nyingine. Chini ya hapo tunakula akiba.

Fedha ya kugawa viroba mtaa mzima kwa majaribio haipo. Tutapima nyumba chache na kutokana nazo tuseme jambo kuhusu mtaa wote. Nimeomba kazi hii niiongoze mimi. Takwimu nilizisoma chuoni, na tangu wakati huo nimekuwa nikitamani kuzitumia kwa jambo linalogusa watu ninaowajua kwa sura.

Hiyo 30% nimeiandika kwenye daftari la kikundi, na mwenyekiti ametia saini. Sitaki mpaka huo usogezwe baada ya matokeo kuonekana.

2 Juni

Mwenyekiti ametuma swali kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: "Je, mko tayari kutenga chupa za plastiki?" Kufikia jioni watu 140 wamejibu, 131 kati yao wamesema ndiyo. Akanipigia simu kwa furaha kwamba kazi imekwisha.

Nilimweleza kwa heshima kwamba haijaanza. Waliomo kwenye kundi lile ni wenye simu janja na bando, na waliojibu ni wale wanaopenda mambo ya mtaa. Bibi anayeuza mkaa kule nyuma hayumo. Wapangaji wanaotoka alfajiri kwenda Kariakoo na kurudi usiku, wengi wao hawamo.

Nilimpa mfano wa Marekani mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma kadi karibu milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais. Zilirudi zaidi ya milioni 2, na jarida likatangaza kwamba Landon atashinda. Roosevelt akashinda kwa takriban 61% ya kura. Majina ya kutumiwa kadi yalikuwa yametolewa kwa sehemu kubwa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika miaka ile ya ukata mkubwa hao hawakuwa sura ya taifa zima. Tena, walioona umuhimu wa kurudisha kadi hawakufanana na waliokaa kimya. Milioni 2 hazikusaidia kitu, kwa sababu sampuli iliyoegemea upande mmoja ukiikuza inazidi kukupa uhakika wa jibu lisilo sahihi.

Mwenyekiti alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa tunaanzia wapi?" Tunaanzia kwenye orodha.

8 Juni

Orodha imepatikana. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ametupa barua, na wajumbe wametembea nasi siku tatu kuhesabu milango. Nyumba ni 262, kaya ni 1,140. Kila nyumba imepewa namba kwenye daftari, na pembeni yake alama ya kuitambulisha, kama mwembe, kibanda cha chipsi au mlango wa bluu.

Mdogo wangu, anayemaliza chuo mwaka huu, akaleta fomula ambayo wanafunzi wengi wa hapa huiweka kwenye tasnifu zao, fomula ya Yamane: chukua idadi ya kundi zima, igawe kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kosa unaloweza kulivumilia. Kwa kaya 1,140 na kosa la 5%, inatoka 297.

Nimemwomba aifungue tuone ndani. Msingi wake ni huu: unataka umbali kati ya kadirio lako na ukweli usizidi kiasi fulani. Umbali huo ni kosa sanifu, yaani kipeuo cha pili cha p(1 − p)/n, mara 1.96 kwa uhakika wa 95%. Hapa p ni uwiano wa wanaosema ndiyo, n ni idadi ya waliohojiwa. Yamane ameikuza 1.96 ikawa 2, na p akaichukulia kuwa nusu, kwa kuwa p(1 − p) haiwezi kuzidi robo. Mbili kipeo cha pili mara robo ni moja, ndiyo maana vitu hivyo havionekani tena kwenye fomula. Ukitumia 1.96 yenyewe unapata 288, tofauti ndogo tu.

Kwa hiyo fomula si mbaya. Kinachoniumiza ni kwamba inatumika kana kwamba ni amri. Haijui kama utachagua watu kwa nasibu au utauliza waliokaa kijiweni, wala haijui kama majibu yanategemeana. Inadhani kila jibu linasimama peke yake, na hilo sina hakika kama ni kweli mtaani kwetu.

15 Juni

Jaribio la kwanza. Kaya 12, wote wamesema ndiyo.

Nikataka kumwonyesha mdogo wangu kitu. Weka p = 1 kwenye fomula ya kosa sanifu: 1 mara 0 gawanya kwa 12 ni sifuri. Fomula inasema uwiano wa mtaa ni 100%, bila kosa hata chembe, kwa kuuliza kaya 12 tu! Ndipo njia hii ya kawaida, inayoitwa ya Wald, inapoanguka: sampuli ndogo, au uwiano ulio karibu na 0 au 1.

Edwin Wilson alitoa njia nyingine mwaka 1927. Badala ya kuweka kadirio letu ndani ya kosa sanifu, tunajiuliza ni uwiano gani wa kweli ambao isingekuwa ajabu ukizaa matokeo haya, kuanzia wa chini kabisa hadi wa juu kabisa. Hayo ndiyo masafa. Kwa 12 kati ya 12 masafa yake ni kuanzia 76% hadi 100%. Hapo unaona hali halisi ya mtu mwenye majibu 12. Agresti na Coull mwaka 1998 wakatoa njia nyepesi ya kukaribia hiyo: ongeza "ndiyo" mbili na "hapana" mbili kwenye data yako, kisha endelea na fomula ya kawaida. Mwanafunzi wa sekondari anaiweza.

Usiku nimekaa na daftari, na hiyo 76% nayo imeanza kunisumbua.

16 Juni

Kilichonisumbua ni hiki. Zile kaya 12 zilikuwa kwenye nyumba 3. Nyumba ya kwanza tulibisha, tukamwamkia mama mwenye nyumba, akatujibu mbele ya wapangaji wake waliokuwa wakiosha vyombo uani: "Tutatenga wanangu, kwa nini tusitenge?" Baada ya hapo nani angesema hapana? Uani kuna pipa moja la taka, na mwenye kauli juu ya pipa ni mmoja. Wapangaji watatu walirudia jibu la mama.

Maana yake hatukuwa na majibu 12. Tulikuwa na majibu 3 yaliyosemwa mara nne nne. Ukiweka 3 kati ya 3 kwenye njia ya Wilson, masafa yanaanzia 44%. Kutoka 76 hadi 44! Kuna kanuni ya jambo hili: kama kila nyumba ina kaya m zinazohojiwa, na ρ ni kiasi ambacho majirani wa nyumba moja hufanana kwa jibu, basi mtawanyiko wa kadirio unaongezeka mara 1 + (m − 1)ρ. Kwa kaya 4 zenye majibu yaleyale kabisa, ρ ni 1, na unagawa sampuli yako kwa 4.

Tungeweza kuongeza sampuli ili kufidia. Lakini nilipokuwa nikisubiri maji ya chai yachemke nikaona kwamba swali lenyewe tumeliweka vibaya. Guta halisimami kwenye kaya, linasimama mlangoni. Kinachotupa chupa ni nyumba, pipa moja, uani kumoja. Kundi tunalotaka kulijua ni nyumba 262, na tukipima nyumba, majibu yanayofuatana ndani ya ukuta mmoja yanakuwa jibu moja kama yalivyo.

Nimefurahi mno kwa hili. Hesabu ya wiki nzima imenyooka kwa kubadilisha neno moja.

Jambo la pili nililoliandika leo: "ndiyo" ya Buguruni kwa mgeni aliyekuja na barua ya mtaa ni uungwana. Hatutahesabu ndiyo. Tutaacha kiroba, turudi baada ya siku 7, tuhesabu chupa. Nyumba yenye chupa 10 au zaidi imetenga, yenye 9 haijatenga. Nayo imeandikwa na kutiwa saini.

22 Juni

Wenzangu wameuliza hii "95%" maana yake nini, na sikutaka kuwajibu kwa maneno matupu. Tukachukua beseni. Kwanza tulitumia maharage na choroko, ikashindikana mapema: choroko zinateremka chini, na kila anayechota juu anapata maharage. Kuchanganya ni kazi, si neno la kupamba fomula. Tukahamia kwenye vifuniko vya chupa, vyote ukubwa mmoja, 120 vyekundu na 180 vya bluu. Nyekundu ni 40% kamili, na wote tunajua.

Kila mtu alifumba macho, akachota 50, akahesabu vyekundu, akakokotoa masafa yake, akarudisha, akakoroga upya. Kadirio, kisha pointi za asilimia karibu 14 kila upande. Tumefanya mara 60. Mmoja alipata vyekundu 15, mwingine 24. Masafa yalihama juu na chini kwenye karatasi kubwa tuliyobandika ukutani, na katika 58 kati ya 60 mstari wa 40% ulipita ndani. Mara mbili haukupita, na waliochota mara hizo hawakuwa wamekosea chochote.

Mweka hazina alisimama mbele ya karatasi muda mrefu. Akasema, "Kumbe beseni halisogei. Sisi ndio tunaosogea." Hapo ndipo nilipojua kwamba tunaweza kuendelea. 95% ni sifa ya njia ya kuchota, ni mara ngapi inanasa ukweli ikirudiwa. Siku ya kupima halisi tutachota mara moja tu, na hatutajua kama yetu ni kati ya zile 58 au zile mbili.

29 Juni

Idadi: kosa tunaloweza kulivumilia ni pointi 8. Kwa mtaa usio na mwisho zingehitajika nyumba 150 na kidogo. Kwa kuwa nyumba zote ni 262, na kila tunayoipima inapunguza zile tusizozijua, zinatosha 96. Namba za nyumba hizo zimechaguliwa kwa nasibu na kompyuta mbele ya kila mtu.

Tulitaka kugawa viroba Jumamosi ijayo, tarehe 6, nimekataa. Tarehe 7 ni Sabasaba. Watu watakwenda maonesho kule Barabara ya Kilwa, wageni watakuja, soda na maji ya chupa vitanyweka kuliko wiki ya kawaida. Tutagawa tarehe 13.

13 Julai

Viroba vimegawiwa. Miguu inauma. Nyumba 91 zimepokea. Nyumba 5 tumezikuta zimefungwa mara tatu: asubuhi, jioni, na usiku baada ya swala ya isha. Kijana mmoja wetu alitaka kuweka nyumba jirani badala ya namba 117, ile ya mlango wa bluu, maana jirani alikuwa wazi na anatujua. Tumeacha pengo. Nyumba isiyo na mtu mchana wala usiku huenda ina maisha tofauti na ya jirani aliyekaa barazani, na kuibadilisha ni kuficha tofauti hiyo.

Tuliuliza pia swali la mdomo, kwa kumbukumbu tu. Kati ya 91, nyumba 83 zimesema zitatenga.

20 Julai

Nyumba zenye chupa 10 au zaidi: 38.

Kulikuwa na viroba 6 vyenye chupa 7, 8 au 9. Uchungu ulikuwepo. Pale nyumba ya mwembe mtoto alikuwa amezipanga chupa 9 kwa rangi, na dada mmoja wa kikundi akaniangalia usoni akisubiri niseme neno. Sikuweza kuihesabu. Nyumba nyingine walisema chupa zao zimechukuliwa na mpita njia usiku. Naamini walisema kweli, lakini guta lingekuta kiroba kitupu, kwa hiyo imeandikwa haijatenga.

21 Julai

Hesabu nimefanya leo, nikazirudia mara mbili.

38 gawanya kwa 91 ni 41.8%. Kosa sanifu ni pointi 5.2, mara 1.96 ni 10.1. Masafa: 31.6% hadi 51.9%. Kwa njia ya Wilson: 32.2% hadi 52.0%. Hapa katikati, na sampuli ya kadiri hii, njia hizi mbili hazigombani.

Nadharia tete tuliyotaka kuipinga ni kwamba uwiano wa mtaa ni 30% au chini. Kwa hili kosa sanifu linakokotolewa kwa 30% yenyewe, si kwa kadirio letu, kwa sababu tunauliza dunia ingekuwaje kama nadharia ingekuwa kweli. Linatoka 4.8. Tuko mbali na 30 kwa makosa sanifu 2.45. Kama mtaa ungekuwa kwenye 30% kamili, sampuli ya namna hii au ya juu zaidi ingetokea mara 7 hivi katika 1,000.

Na ile "ndiyo" ya mdomo? Kati ya nyumba 83 zilizosema ndiyo, 35 zimetenga, yaani 42%. Kati ya 8 zilizosema hapana, 3 zimetenga. Kwa 8 siwezi kudai lolote, masafa ya Wilson ni 14% hadi 69%. Lakini lile kundi la WhatsApp lilitupa ndiyo 94%, milangoni tukapata ndiyo 91%, na viroba vyenye chupa 10 au zaidi ni 42%. Masafa ya uhakika yanapima bahati ya kuchota tu. Yangeweza kuizunguka ile 94% kwa pointi 4 huku na huku, membamba na ya kupendeza, na kutupeleka kukodi guta la miezi mingi.

27 Julai

Mkutano wa kikundi. Mwenyekiti alitaka jibu moja, nikamwomba radhi, nikampa mawili.

Zile nyumba 5 zilizofungwa lazima zihesabiwe namna fulani. Nimezichukulia zote kuwa hazitengi, hali mbaya kuliko zote: 38 kati ya 96, ni 39.6%. Sasa inategemea tunauliza kuhusu nini. Kama ni hizi nyumba 262 kwa wiki ile iliyopita, basi tumeshaona zaidi ya theluthi yake, kosa sanifu linapunguzwa kwa sahihisho la kundi lenye kikomo, na masafa yanaanzia 31.8%. Tuko juu ya mpaka. Kama ni mtaa huu kwa wiki zijazo, ambazo hakuna aliyeziona, sahihisho hilo hatuna haki nalo. Bila hilo masafa yanaanzia 29.8%.

Nyuma ya meza kukawa kimya. Mweka hazina akasema, "Guta halikodiwi kwa wiki iliyopita."

Ni kweli, na ndiyo maana nilieleza zote mbili. Mzee mjumbe aliyekuwa amealikwa akauliza kama sisi tuliosoma hatuwezi kuamua basi nani aamue. Nikamjibu, "Mzee wangu, hesabu imeamua kiasi chake: pengine tuko juu ya 30, pengine juu sana hadi nusu ya mtaa, na kuna mlango mdogo umebaki wazi upande wa chini. Kilichobaki ni kujua hasara gani tunaweza kuibeba." Mweka hazina alikuwa na jibu. Mwezi mmoja wa hasara akiba inauweza, mitatu haiuwezi.

Guta limekodiwa mwezi mmoja.

3 Agosti

Mzunguko wa kwanza wa guta ni kesho. Ili tusikae mwezi mzima tukitazama nyumba zilezile zilizokwisha kutuzoea, nyumba za kuhesabiwa zinachotwa upya kutoka kwenye zote 262, na viroba vimegawiwa mtaa mzima. Jioni hii tumeichota orodha mpya barazani kwa mwenyekiti, kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, watoto wakisoma namba kwa sauti.

Ya kwanza kutoka ilikuwa 117, ile ya mlango wa bluu. Kijana yuleyule ameshaondoka kwenda kubisha.